Ndege Ndogo juu ya Ziwa Nyasa

Kiswahili kina ndege wawili, na kinachowatenga ni sarufi. Ndege ametua: huyo ana manyoya. Ndege imetua: hiyo ni ya mbao, kitani na injini. Lugha haikuona haja ya kubuni jina jipya. Ilikipa chombo jina la kiumbe, kisha ikakinyima uhai kwa silabi moja tu. Rubani naye hakuzaliwa angani. Kabla ya eropleni kuonekana katika mwambao wetu, rubani alikuwa mjuzi wa maji, mwenye kujua miamba na mikondo, aliyekipokea chombo nje na kukiingiza bandarini kwa salama. Rafadha nayo ilizunguka majini kwanza, ndipo ikapanda juu. Kwa hivyo msomaji wa pwani anapoambiwa habari za ndege ndogo za zamani, anaambiwa habari za jamaa wa chombo anachokijua.

Ujamaa huo hauko katika maneno peke yake. Mwezi Februari 1925 kampuni ya De Havilland ya Uingereza ilirusha kwa mara ya kwanza ndege yake iitwayo Moth, yaani nondo. Ilikuwa na viti viwili vilivyo wazi, kimoja nyuma ya kingine, injini ya nguvu za farasi 60, na mabawa manne yaliyoweza kukunjwa ikaingia ghalani. Mifupa ya mabawa ilikuwa ya mbao nyepesi, ikavikwa kitambaa, na kitambaa kikashonwa kwa uzi ubavu baada ya ubavu, kisha kikapakwa dawa ya kukikaza mpaka kikawambika kama ngoma. Aliyewahi kusikia habari za mtepe wa Wabajuni, uliounganishwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi pasi na msumari, atafahamu mara moja ni fundi wa namna gani aliyehitajika hapo. Chombo kilichoshonwa hupokea mawimbi kwa kulegea kidogo, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Raha ya chombo kama hicho ni raha ya jahazi, wala si ya meli kubwa. Aliyemo ndani ya ndege kubwa ya leo hupelekwa. Aliyemo ndani ya Moth husafiri. Upepo humpiga usoni, harufu ya mafuta humjaa puani, na moto wa mashambani huunusa kabla hajauona. Rubani hukaa nyuma na abiria mbele, wakisemezana kwa mpira wa kupitishia sauti. Mwendo wake, kama kilomita 130 kwa saa, humwachia mtu nafasi ya kuhesabu mitumbwi. Na kama nahodha anavyoisoma bahari kwa rangi yake, ndivyo rubani wa ndege hiyo anavyousoma upepo kwa jinsi moshi wa jikoni unavyolala na miti inavyoinama.

Katika Afrika Mashariki raha hiyo ilianza kuwa biashara mwaka 1929, pale Bi. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways mjini Nairobi. Ndege zake ndogo zilibeba barua na abiria, zikafika hadi Unguja na Dar es Salaam. Lakini raha hiyo haikuwa ya kila mtu, wala haikuwa bila gharama. Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji aliyependa kuwatazama tembo kutoka angani, aliruka kutoka Voi kwa Moth yake; ndege ikaanguka ikawaka, akafa yeye pamoja na mtumishi wake Mkikuyu. Jina la bwana limeandikwa katika vitabu vingi. La mtumishi msomaji hulitafuta kwa tabu, ilhali anga liliwabeba wote wawili na ardhi ikawapokea wote wawili.

Ziwa Nyasa lilivukwa mapema zaidi. Tarehe 7 Desemba 1926 Mswisi Walter Mittelholzer aliondoka Zürich kwa ndege ya majini aina ya Dornier Merkur, akawasili Cape Town tarehe 21 Februari 1927. Hakuhitaji viwanja. Alifuata Nili, kisha maziwa makuu, Nyasa likiwamo, akitua juu ya maji na kupiga picha njiani. Miaka 12 tu kabla ya hapo, Agosti 1914, ziwa hilohilo lilikuwa limesikia mizinga: meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann huko Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen. Chombo kilichopita juu mara hii kilikuwa na kamera.

Na kamera ilikuwa na cha kutazama. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na kina chake kinafikia kama mita 700. Ukingo wa mashariki huinuka ghafla: Mbamba Bay iko chini usawa wa maji, na mtu akielekea Mbinga milima humjia kama ukuta. Marubani wa ndege ndogo hupenda asubuhi, kwani mchana jua huipasha miteremko, hewa ikapanda na kumtikisa aliye juu yake. Na katika miezi ya kusi upepo hulichafua ziwa kama bahari. Mara nyingine nguzo nyeusi husimama juu ya maji, na azionaye kwa mara ya kwanza hudhani kuna chombo kinaungua. Ni nkungu, wadudu wadogo wasio na idadi, ambao wakazi wa kando ya ziwa huwakusanya na kuwafinyanga mikate.

Juu ya Mbinga huonekana kazi ya Wamatengo. Walipojihifadhi milimani katika karne ya 19 kwa kuwakimbia Wangoni, walilima miteremko mikali kwa ngoro: majani hupangwa kwa mistari inayokatana, udongo ukafunikwa juu yake, katikati pakabaki shimo la kukamata mvua. Mkulima aliye chini huona shimo baada ya shimo. Aliye juu huona mlima mzima umefumwa kama sega la nyuki, maharage na mahindi yakipokezana, na kahawa kando ya nyumba.

Hata hivyo ufuko wa Ruvuma ulipitwa na njia kubwa. Imperial Airways ilipofungua safari za Cape mwaka 1932, ndege zake zilipitia Moshi, Dodoma na Mbeya. Miaka ya 1949 na 1950 ndege kubwa za majini za BOAC zilitua Nyasa, lakini huko kusini, Cape Maclear. Watu wa Liuli na Mbamba Bay waliijua ndege kwa kuinua shingo. Neno, hata hivyo, lilivuka. Katika Kichewa cha ng'ambo ya pili, ndege ni chombo tu. Mwenye manyoya huitwa mbalame. Kiswahili kilivusha jina la kiumbe, na upande wa pili kikapokewa chuma peke yake.

Ndege ndogo ilipata heshima nyingine mwaka 1957, wakati madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walipoanzisha huduma ya Madaktari Waendao kwa Ndege, iliyokuja kuitwa AMREF. Hapo mgonjwa wa mbali, asiyejua raha ya kuruka, alijua walau raha ya kusikia mngurumo ukikaribia.

Lakini jicho la angani halitazami kwa kupenda tu. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliupitisha mpaka kwenye ufuko wa mashariki, na Malawi husimamia hapo. Tanzania husema mpaka ni katikati ya maji. Mwaka 2012 mzozo huo uliwaka upya kwa sababu ya utafiti wa mafuta, na ndege za utafiti zilizoruka juu ya ziwa zikawa hoja bungeni Dodoma. Mvuvi wa Mbamba Bay, ambaye kwa hesabu ya mkataba ule hulowesha miguu yake ugenini kila alfajiri, aliinua shingo kwa mara nyingine, akiuliza safari hii waliomo wanatafuta nini.

Jawabu la swali lake halionekani kutoka juu. Rubani avukaye kutoka Mbamba Bay kwenda Nkhata Bay huona mitumbwi, mawimbi na nguzo za nkungu pande zote mbili. Mstari hauko majini. Umo katika karatasi, na karatasi haikuchorwa na mtu aliyewahi kuvua hapo.