Shamba Letu Limepungua, Maziwa Yameongezeka

Wasee, kwetu Githunguri kuna swali moja linawasha moto: tugawanye shamba la guka kila mtu achukue ploti yake, ama libaki moja? Maanko wengi wanataka nyumba za kupangisha. Mimi nasema libaki. Na si ati napenda ng'ombe sana. Ni historia yenyewe inanisukuma.

Anza na hii: ng'ombe wa gredi hawakuletwa kwa ajili yetu. Walowezi ndio waliokuwa nao, na mwaka wa 1925 wakaunda KCC kuuza maziwa yao. Mwafrika alichunga na kukamua, lakini biashara yenyewe haikuwa yake. Mlango ulifunguliwa na Mpango wa Swynnerton wa 1954, katikati ya hali ya hatari. Vipande vya ardhi vikaunganishwa, watu wakapewa hati, wakaruhusiwa kufuga gredi. Hati zenyewe ziliandikwa jina moja, na mara nyingi lilikuwa la mwanaume. Kumbuka hapo, nitarudi.

Guka alianza na ekari nne na ng'ombe mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa vita ya kizazi chake: kupata haki ya kufuga. Lakini mkulima wa ng'ombe mmoja atamuuzia nani? Mwaka wa 1961 watu 31 wa Githunguri walianzisha chama cha ushirika, wakaweka maziwa yao pamoja.

Kizazi cha pili kilipigana na udogo wa shamba. Kwetu ekari moja iliuzwa ya karo, nyingine ikamezwa na nyumba za wanawe guka. Ng'ombe wa kutembea malishoni hawangetosha hapo. Kuanzia 1980, mradi wa kitaifa uliosaidiwa na Waholanzi ulieneza ufugaji wa bandani: ng'ombe anakaa, nepia inamfuata. Mbegu za madume bora zilitoka kituo cha Kabete, kilichokuwepo tangu 1946, kwa hivyo hukuhitaji kulisha dume. Shosho ndiye aliyekata hiyo nepia miaka na miaka. Ekari zikashuka hadi mbili, ng'ombe wakapanda hadi tisa.

Kizazi cha tatu kilipigania soko. Mwaka wa 1992 serikali iliachilia biashara ya maziwa, na KCC iliyokuwa jitu ikaanza kuyumba, wakulima kote nchini wakidai pesa zao. Ilibidi ifufuliwe upya mwaka wa 2003. Githunguri hawakungoja. Mwaka wa 2004 chama chao kilifungua kiwanda chake, na leo paketi ya Fresha iko kwa duka la mtaa wako Nairobi. Wale watu 31 sasa ni zaidi ya 20,000.

Unaona mtindo? Hakuna kizazi kilichokua kwa kuongeza ardhi. Kila kimoja kilipata kidogo kuliko cha kabla, kikatatua shida ya wakati wake.

Yetu ni shida ya jina. Ekari mbili ukizigawa kwa watoto watano wa guka, kila mmoja anapata kama ploti tatu za 50 kwa 100. Ng'ombe mmoja wa maziwa anakula karibu kilo 70 za nepia kwa siku. Utaipanda wapi, kwa balkoni?

Maanko wana hoja pia. Kodi ya nyumba haiamki saa kumi usiku kukamua. Bei ya chakula cha ng'ombe inapanda, ya maziwa inashuka bila kukuuliza. Na mtu akikaa Ruiri miaka 20 bila kuona hata shilingi ya shamba, lazima atataka kuuza. Ningekuwa yeye ningetaka pia.

Kwa hivyo dawa ni kugawa hisa, si udongo. Tusajili kampuni ya familia. Kila mrithi awe na sehemu yake, mashangazi wakiwemo, maana Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981 haimbagui binti. Anayefanya kazi bandani alipwe mshahara, faida inayobaki igawanywe kwa hisa. Anayetaka kutoka anunuliwe polepole. Vitabu vya hesabu viwe wazi kwa wote.

Shosho alikamua maisha yake yote, na jina lake haliko kwa hati wala kwa akaunti ya maziwa. Tukikata ploti leo, hilo kosa litazikwa chini ya simiti na hakuna atakayelirekebisha.

Ukienda ushago likizo hii, usirudi na viazi tu. Uliza hati ya shamba ina jina la nani, na ni nani anayeamka kukamua.