Mkataba wa kijamii

Mkataba wa kijamii ni nadharia ya falsafa ya siasa inayosema kwamba mamlaka halali ya serikali hutokana na makubaliano ya watu wanaotawaliwa. Swali lake la msingi ni: kwa nini mtu aliyezaliwa huru alazimike kutii sheria na kulipa kodi?

Historia

Mwingereza Thomas Hobbes (1588–1679) alitoa kitabu chake Leviathan mwaka 1651, baada ya miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake. Aliona kwamba pasipo serikali kila mtu humhofu mwenzake. Hivyo watu humkabidhi mtawala karibu haki zao zote ili wapate usalama.

John Locke (1632–1704) alifundisha kwamba haki za uhai, uhuru na mali zipo kabla ya serikali. Serikali ikizivunja, wananchi wanaweza kuiondoa. Jean-Jacques Rousseau (1712–1778), mzaliwa wa Geneva, alieleza mwaka 1762 kwamba mamlaka hubaki kwa wananchi wote kwa pamoja.

Ridhaa ya kimya

Hakuna raia wa kawaida aliyetia saini mkataba huo. Locke alijibu kwamba anayeishi nchini, au hata kupita katika barabara zake, ameridhia kimya kimya. Mskoti David Hume (1711–1776) alipinga: mkulima maskini asiyejua lugha wala desturi za kigeni hana uhuru wa kweli wa kuondoka. Alimfananisha na mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini, ambaye akitaka kutoka hana budi kujitosa baharini.

Ulibertari

Ulibertari ni mkondo unaotanguliza uhuru wa mtu binafsi na haki ya mali. Mmarekani Robert Nozick (1938–2002) alianza na haki za Locke, lakini hakutegemea mkataba. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 alidai kwamba serikali ndogo inaweza kutokea yenyewe watu wanapotafuta ulinzi. Kazi yake ni kuzuia nguvu, wizi na udanganyifu, na kusimamia mikataba. Kutoza kodi ili kuwagawia wengine alikulinganisha na kazi ya kulazimishwa.

Kitabu hicho kilimjibu John Rawls (1921–2002), aliyependekeza mwaka 1971 kwamba kanuni za haki zichaguliwe na watu wasiojua kama watakuwa matajiri au maskini. Kwa maoni yake, watu hao wangekubali tofauti za kipato pale tu zinapowafaidi walio chini kabisa.