Kazi ya Msimamizi wa Mazishi

Msomaji, wahenga walinena kwamba maiti haulizwi sanda. Maana yake, aliyekufa hana kauli: akitendewa wema hawezi kushukuru, na akidhulumiwa hawezi kushitaki. Kwa hiyo kazi ya kuwazika watu hutaka jambo kubwa kuliko ufundi. Historia ya kazi hiyo katika Marekani yatuonyesha haya waziwazi.

Kabla ya mwaka 1861, Mmarekani alipofariki, aghalabu jamaa zake ndio waliomwosha na kumvika nyumbani. Seremala alichonga jeneza, na mwenye farasi alikodisha gari la kulichukulia makaburini.

Mwaka huo vilizuka vita baina ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini. Vilidumu hata 1865, na watu zaidi ya 600,000 wakapoteza maisha. Wengi walizikwa pale pale walipoanguka. Wazazi wenye uwezo walitaka wana wao warudishwe, lakini safari ilikuwa ndefu, na joto halimngoji mtu. Hapo ndipo ulipopata nguvu ufundi wa kutia dawa katika mishipa ya maiti ili asiharibike upesi. Daktari Thomas Holmes aliutia dawa mwili wa Kanali Elmer Ellsworth, rafiki wa Rais Abraham Lincoln, aliyeuawa Mei 1861. Habari zikaenea, na mafundi wengi wakayafuata majeshi.

Sasa fikiri, msomaji. Mama aliyefiwa yuko mbali, na mwanawe yumo mikononi mwa mgeni. Je, ataweza kupatana bei? Baadhi ya mafundi walilijua hilo: walitoza kupita kiasi, na wengine waliwazuia maiti mpaka walipwe. Malalamiko yakafika serikalini, na Machi 1865 Idara ya Vita ikaamuru kwamba asifanye kazi hiyo ila mwenye leseni, aliyethibitisha ujuzi wake na kuweka dhamana. Na bei nazo zipangwe.

Mwezi uliofuata Lincoln mwenyewe aliuawa. Mwili wake ulitiwa dawa, ukaondoka Washington kwa gari la moshi tarehe 21 Aprili, ukazikwa Springfield tarehe 4 Mei. Katika miji ya njiani watu maelfu kwa maelfu walipita mbele ya jeneza kumtazama, na fundi alifuatana na msafara ili autunze uso wake. Tangu hapo ufundi huo ukazidi kukubaliwa. Mwaka 1882 wasimamizi wa mazishi waliunda chama chao cha taifa huko Rochester, New York. Na mwaka 1894 jimbo la Virginia likatunga sheria ya kuwapa leseni watia dawa.

Basi, ukiitamani kazi hii, jipime kwanza. Elimu ya mwili wa binadamu, ya dawa na ya sheria hufundishwa, na mwenye bidii huipata. Lakini subira mbele ya machozi, ulimi unaotunza siri za nyumba ya msiba, na mkono usiompunja mtu aliyeshindwa kuuliza bei kwa uchungu, hayo hayatolewi pamoja na leseni. Amri ya 1865 iliweza kupima ustadi. Haikuweza kuingia chumbani alimolazwa maiti, mlango ukiisha kufungwa. Humo fundi hubaki na dhamiri yake tu. Naye akumbuke wasemavyo watu wa pwani yetu: mwosha huoshwa.