Kuhemea kwa Jamaa: Ugeni na Njaa katika Matembe ya Ugogo

Katika karne ya kumi na tisa, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji haikuwa na budi kuvuka Ugogo. Huko watemi walidai hongo, na hata maji ya kisima yalikuwa na bei. Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, na Henry Stanley, aliyepita mwaka 1871, waliinung'unikia sana desturi hiyo. Lakini alikuwapo mgeni wa namna nyingine, ambaye wasafiri hao hawakumtazama sana: mtu wa nchi yenyewe, mwenye kikapu kitupu, aliyeingia katika kaya ya jamaa yake bila kutoa hongo, akapewa maji, chakula na mahali pa kulala, akakaa mwezi mzima au msimu mzima.

Ugeni huo ulizaliwa na mvua. Ugogo hupata msimu mmoja tu wa mvua, baina ya Desemba na Aprili, nayo kwa mwaka ni kiasi cha milimita 500 hadi 600. Tena mvua hiyo hainyeshi sawasawa: upande mmoja wa kilima huvuna, upande wa pili hukosa. Kwa hiyo aliyekosa alikwenda kuhemea, yaani kutafuta chakula, na mahali pa kwanza alipopaelekea palikuwa kwa mjomba, kwa shemeji, au kwa binti aliyeolewa mbali.

Kaya aliyoifikia ilikuwa tembe: nyumba fupi ya miti na udongo, yenye paa la bapa, iliyozunguka ua ambamo ng'ombe walilala. Kila mke alikuwa na nyumba yake katika tembe hilo, na shamba lake, na ghala lake la uwele na mtama. Alfajiri ilisikika sauti ya mawe ya kusagia. Wakati wa kiangazi wanawake waliteka maji katika visima vilivyochimbwa ndani ya mchanga wa mito iliyokauka. Jioni ugali uliliwa kwa mlenda au maziwa, wanaume mahali pao, wanawake na watoto mahali pao. Ukarimu ulisifiwa kwa jina la mwenye kaya, lakini chakula chenyewe kilitoka ghalani mwa mke. Naye ndiye aliyejua ni siku ngapi zimebaki mpaka mavuno.

Mgeni naye hakukaa bure. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na katika Ugogo maneno haya yalikuwa na maana yake kamili. Mwanamume alilima na kuchunga pamoja na wenyeji, mwanamke alisaga na kuteka maji. Zaidi ya kazi, alichukua deni lisiloandikwa mahali popote: mwaka ambao mvua ingewanyima wenyeji wake, yeye angefungua mlango wake. Ng'ombe walifuata njia hiyo hiyo. Mtu mwenye wengi aliwaweka kwa jamaa wa sehemu mbalimbali, ili ukame au maradhi yasiwamalize wote kwa mara moja. Peter Rigby, aliyefanya utafiti wake miaka ya mwanzo ya 1960 na kuchapisha kitabu mwaka 1969, alionyesha jinsi ng'ombe na ujamaa visivyoweza kutenganishwa katika maisha ya Wagogo, na jinsi kaya zilivyohama mara kwa mara.

Hata hivyo, akiba hii ilikuwa na sharti moja: njaa isiwapate wote pamoja. Sharti hilo lilivunjwa na Vita Kuu. Majeshi ya Wadachi yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi; Waingereza, walioiteka Dodoma mwaka 1916, wakafanya vivyo hivyo. Kisha mvua ikakosekana, na homa ya mafua ya mwaka 1918 ikaongeza vifo. Njaa hiyo iliyoshika baina ya miaka 1917 na 1920, huitwa Mtunya. Hukadiriwa kuwa watu 30,000 kati ya 150,000 wa Wilaya ya Dodoma walikufa. Aliyekwenda kuhemea alimkuta jamaa yake naye anafunga safari. Si kwamba ujamaa ulikuwa umepungua mioyoni. Maghala yalikuwa yamefagiliwa pande zote, na deni halina wa kulilipa pale ambapo wadai na wadaiwa wana njaa moja.

Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwahamishia watu katika vijiji, na mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Matembe mengi yameondoka, nyumba za bati zimeshika mahali pake. Lakini kijana anayetoka kijijini kuja kusoma mjini bado hubisha hodi kwa mjomba, na mama wa nyumba bado hupima unga kwa macho kabla ya kusema karibu. Anayewasifu wazee wa Ugogo kwa ukarimu wao husema kweli, lakini ni kweli nusu. Walikuwa wakarimu, na pia walikuwa wenye hesabu. Na hesabu yao haikushindwa na ukame peke yake, bali ilishindwa pale wenye silaha walipochukua fungu la mwenyeji na la mgeni pamoja.