Kikombe cha titani na buluu isiyopakwa

Jamani, wiki mbili zilizopita nilikwama kati ya vikombe viwili vya titani: cha kijivu, kilichopigwa mchanga, na cha buluu, ghali zaidi. Hiyo buluu ni rangi gani?

Kumbe haipakwi! William Gregor aliigundua metali hii Cornwall, Uingereza, mwaka 1791, lakini kuitenga kwa wingi kulisubiri njia ya William Kroll, aliyepata hataza ya Marekani mwaka 1940. Kikombe hutumbukizwa kwenye maji yenye kemikali, umeme ukapitishwa. Utando wa oksidi hunenepa, na unene wake ndio unaoamua mwanga utarudi na rangi gani. Badilisha volti, umebadilisha rangi.

Oksidi hiyohiyo, ikisagwa, ndiyo weupe wa rangi za ukuta. Huko ndiko huishia titani nyingi duniani, ya aina iliyochimbwa kwetu Kwale hadi Desemba 2024.

Ila utando huo ni mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara elfu, na kijiko huukwaruza. Nami huchemshia chai humohumo, jikoni. Nikachukua cha kijivu. Pembeni moto umeshakitia buluu yake, bure.