Jinsi ya kupanga picha, muziki na filamu katika diski nyingi za seva ya nyumbani

FAMILIA nyingi za mijini zina picha za harusi, mikanda ya zamani iliyohamishiwa kwenye kompyuta, muziki na filamu ambazo haziwezi tena kuenea katika diski moja. Diski ya kwanza ikijaa hununuliwa ya pili, kisha ya tatu, na hatimaye hakuna akumbukaye kipi kiko wapi.

Baadhi ya familia hutatua tatizo hilo kwa seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayowashwa muda wote ili kuhudumia televisheni, simu na kompyuta nyingine zilizomo ndani ya nyumba. Hata hivyo, seva yenye diski nyingi bila mpangilio huongeza vurugu badala ya kuipunguza.

Ipo mipango mikuu mitatu.

Wa kwanza ni kuipa kila diski kazi yake: moja ya filamu, moja ya picha, nyingine ya muziki. Mpango huu ni rahisi, na diski moja ikiharibika nyingine husalimika. Kasoro yake ni kwamba diski ya filamu hujaa wakati ya muziki ingali tupu, na ndipo huzuka folda za majina kama “Filamu2” na “Filamu mpya”.

Wa pili ni kuziunganisha diski zionekane kama moja. Mwaka 2007 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows Home Server yenye uwezo huo, lakini ikauondoa katika toleo la mwaka 2011. Kwa watumiaji wa Linux, programu ya mergerfs hufanya kazi hiyo: kila faili hubaki nzima ndani ya diski yake, ila mtumiaji huona folda moja tu. Diski moja ikifa, hupotea vilivyokuwamo ndani yake pekee.

Wa tatu ni RAID, mfumo ulioelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika RAID 5, diski nne za terabaiti 4 kila moja hutoa nafasi ya terabaiti 12. Nafasi inayolingana na diski moja hutunza hesabu za kurejesha data iwapo mojawapo itaharibika. Kinyume chake ni RAID 0, ambayo hugawa kila faili vipande vipande; diski moja ikifa, zote zimekwenda.

Ikumbukwe kwamba RAID si nakala ya akiba. Faili iliyofutwa kwa bahati mbaya hufutika kote, na mwizi hachukui diski moja akaacha nyingine. Kanuni inayotumika ni kuwa na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba.

Majina nayo yana umuhimu wake. Programu kama Jellyfin, Plex na Kodi hutambua filamu kwa jina la folda na mwaka wake. Bila mwaka, “Titanic (1953)” huweza kuchanganywa na “Titanic (1997)”. Tamthilia hupewa namba ya msimu na ya sehemu, mfano S01E02. Picha hufaa kuanza na mwaka, mwezi na siku, mathalani “2005-08-14 Harusi”, kwani hapo mpangilio wa majina hufuata mpangilio wa matukio.

Wakati wa kuhamisha faili kutoka diski moja kwenda nyingine, ni busara kunakili kwanza, kuhakiki kwa kuzifungua, ndipo kufuta za awali. Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili za mwanzo huwa bado zipo. Kila diski pia ibandikwe karatasi yenye jina lake, ili siku ya kubadilisha mbovu isije ikang’olewa nzima.

Zaidi ya yote, mwenye seva aanze na visivyoweza kupatikana tena. Filamu iliyopotea hununuliwa upya dukani, lakini picha pekee ya bibi aliyekwisha kufariki haiuzwi popote.