Watu wa mawe walitutangulia

Wafamasia wenzangu hupenda kuamini kwamba kupima chembe kwa picha ni kazi iliyozaliwa kwetu. Mimi, mtoto wa Likasi, niliyelelewa na mshahara wa labo ya shaba, sikubali. Walioanza ni watu wa mawe.

Mwaka 1847 Achille Delesse, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, alilainisha uso wa jiwe, akachora kila doa la madini kwenye karatasi iliyopakwa mafuta, akaibandika juu ya bati jembamba. Kisha akakata madoa kwa mkasi na kuyatia mizani, kila aina peke yake. Uzito wa vipande ukamwambia madini gani yamo kwa kiasi gani ndani ya jiwe zima. Uchambuzi wa picha kabla ya umeme!

Kwetu Likasi, Katanga, mambo haya hayakuwa ya vitabuni. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa 1906, ilianzisha hapo kiwanda cha shaba cha Shituru mwaka 1929. Miaka miwili baadaye mji wetu ukaitwa Jadotville, jina tulilolibeba hadi 1966. Katika vinu vya Katanga malakiti, lile jiwe la kijani, lilisagwa na kuchanganywa na maji na mafuta ya mawese (ndiyo, mawese yaleyale ya sombe) ili chembe za shaba zipande na povu. Jiwe likibaki nene, shaba hufungiwa ndani ya mwamba. Likisagwa kupita kiasi, huwa tope ambalo povu halilishiki. Baba alisema bosi halisi wa labo ni chekeche la mikroni 74. Lakini chekeche ni kipofu: halijui kama kilichopita ni shaba tupu au shaba iliyong'ang'ania mwamba. Hapo lazima uinamie hadubini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mfaransa Feret akaeleza jinsi ya kupima punje isiyo na umbo: ibane kati ya mistari miwili sambamba. Mwaka 1963 ikatoka Uingereza Quantimet, mashine yenye kamera ya televisheni, iliyobuniwa na kampuni ya Metals Research kutafuta uchafu ndani ya chuma. Dawa zilifuata baadaye.

Leo dripu ya zaidi ya mililita 100 hairuhusiwi kuzidi, kwa kila mililita, chembe 25 za mikroni 10 na kuendelea, wala 3 za mikroni 25 na kuendelea, kwa mashine inayosoma vivuli. Kwa hadubini kikomo hushuka hadi 12 na 2. Seli nyekundu ya damu ina mikroni 7 au 8, na mishipa ya mapafu ni myembamba. Sharti hilo si la kubishia.

Ila mashine ya vivuli ina upofu wa chekeche. Kiputo cha hewa, tone la silikoni kutoka kwenye bomba la sindano, kigae cha kioo, vyote kwake ni namba tu. Kamera za sasa hupiga picha kila chembe ikipita na kioevu, kompyuta ikatenga tone la duara na kigae chenye ncha. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua, huchagua picha.